Jumatano za Kumaliza Chaji

Laini Saba, huku Kibera, kuna watu wanaojulikana kwa shamba walilonunua kwao, na wengine kwa mtoto aliyepita mtihani. Wepukhulu alijulikana kwa tochi. Tuseme ukweli: bila ile tochi hakuwa na kitu cha kumtofautisha na wanaume wengine mia mbili waliotoka Bungoma na sanduku la mbao na jina la binamu wa kufikia. Alikuwa mfagiaji wa ngazi kule Nyayo Highrise, miaka arobaini na kitu, masikio mapana, na sauti ya mtu aliyezoea kuambiwa angojee hapo nje.

Tochi ilimjia mwaka wa tisini na saba. Mwalimu mmoja wa ghorofa ya nne alipata kazi Botswana, na kwa siku tatu Wepukhulu akashusha vitu vyake kwa zile ngazi alizokuwa akizifagia. Friji aliibeba mgongoni kama mgonjwa. Siku ya mwisho mwalimu akamtolea tochi kabatini na kumwambia, "Chukua hii. Huko naenda stima haipotei."

Haikuwa tochi ya kushikwa kiganjani. Ilikuwa nyeusi, nzito kama tofali, ina mpini wa kubebea juu kama birika, na jicho lake mbele lilitoshana na sahani ya ugali ya mtoto. Haikutaka mawe, zile betri za kununua dukani. Ilikuwa na betri yake tumboni na waya wa kuchomeka kwenye soketi. Ukisimama kando ya reli ukaiwasha, mwanga ulikimbia mpaka ukagonga kuta za Highrise, na watu wa ghorofani wakafungua madirisha kuuliza ni gari gani hilo.

Katika ploti yao ya vyumba kumi na tisa hakukuwa na stima. Watu walikuwa na koroboi, na wachache waliokuwa na tochi walikuwa na zile za mawe mawili, mawe yenyewe yakianikwa juu ya mabati kila asubuhi kama omena ili yapate nguvu kidogo za kwenda chooni. Kwa hiyo Wepukhulu alipoingia na kitu kile, hakuwa mfagiaji tena. Wazee wa kanisa walianza kumtengea kiti cha mbele. Mtu akiangusha ufunguo chooni, aliitwa yeye. Mwenye ploti mwenyewe, mzee Waithaka, ambaye hakuwahi kumjua kwa jina, sasa alimsimamisha njiani na kumuuliza kama jicho liko sawa.

Ili isiibiwe, aliipindua akaandika chini yake kwa rangi nyekundu ya mafuta, ile ya kupaka milango: WEPUKHULU L/SABA. Kulikuwa na vibandiko vyenye maandishi madogo hapo chini. Rangi ikavifunika vizuri.

Sheria ya kuitunza alipewa na Nicanor, soja wa geti la Highrise. Nicanor alikuwa na redio ya mkononi ya kuongea na ofisi yao, na kwa sababu hiyo alijiona mtu wa mitambo. "Betri ya kuchaji ina kichwa kigumu," alimwambia. "Ukiichaji kabla haijaisha, inakariri hapo hapo, siku ingine inaishia hapo. Imalize kabisa. Ife. Halafu iache ipumzike kidogo ndio uichaji."

Wepukhulu aliyashika maneno hayo kama amri za Musa. Shida ni kwamba kuchaji hakukuwa kazi rahisi. Pale Highrise keateka, msimamizi wa jengo, alimkataza, akisema stima ya ngazi si ya kupelekwa Kibera kwa ndoo. Ndiyo maana kila Jumamosi jioni alifunga tochi kwa leso kuukuu, akapitia soko la Toi, akakamata Ngong Road hadi Dagoretti Corner, akashuka mpaka kituo cha Kawangware 56, ambako shemeji yake Rachael alikuwa na saluni. Tochi ililala pale ikinywa stima kati ya dryer mbili, naye akaichukua Jumapili baada ya ibada.

Sasa, kama inachajiwa Jumamosi na lazima ipumzike, basi lazima ife mapema. Wepukhulu akachagua Jumatano. Na kwa sababu Nicanor alisema ipumzike kidogo bila kutaja kidogo ni ngapi, akaipa siku tatu, akiona kwamba kama zilimtosha Bwana Yesu kaburini, betri ni nani.

Hivyo ndivyo Jumatano za kumaliza chaji zilivyoanza. Giza likishuka tu aliitundika kwenye msumari juu ya mlango wake, akaiwasha, na ua wote ukawa mchana. Wanawake walitoka na nyungo wakachagua maharagwe na kuparua samaki. Wanaume walileta meza ya drafti. Mildred, mke wa Nashon fundi viatu, alisukia watu nywele hapo bila kuumiza macho. Mwanga ulipoanza kuwa wa njano, watoto walihesabu kurudi nyuma, na ulipozima kabisa wote walipiga makofi. Wepukhulu alisimama chini ya msumari na mikono nyuma, kama mgeni wa heshima aliyefungua shule.

Mwaka ukapita hivyo. Hakuna aliyejiuliza kwa nini siku hizi makofi yanakuja mapema. Mwanzoni walimaliza gunia la maneno na kikapu cha maharagwe. Kufika katikati ya tisini na nane, drafti haikufika mchezo wa pili.

Mtu mwingine mwenye jina katika ploti hiyo alikuwa Amondi, mama yake Billy, mkunga. Jina lake yeye halikutokana na kitu cha kubebwa. Alikuwa amepokea watoto Laini Saba tangu ile reli ikiwa na nyasi kando, na malipo yake yalikuwa sukari, sabuni, kuku ikibahatika, na ile heshima ya kupishwa kwenye foleni ya maji akiwa na haraka. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimsalimia "sasa, Mama Billy," alikujibu kwa nyusi.

Jumanne moja, saa nane mchana, uchungu ukamshika Mildred. Chumba cha Nashon, kama vyote, hakikuwa na dirisha. Mchana kwenye vyumba hivyo ni habari unayoisikia tu kutoka nje. Wepukhulu alikuwa kazini. Amondi alimwendea Nelima, mkewe, akaomba tochi, akapewa. Ilikuwa imechajiwa Jumamosi usiku kucha na tangu hapo imewashwa mara mbili tatu tu.

Iliwaka dakika kumi. Kichwa cha mtoto kilipoanza kuonekana, mwanga ukawa wa njano, ukawa mwekundu, ukaondoka. Amondi hakupiga kelele. Alisema mlango ufunguliwe na leso zishikwe kama pazia. Nelima na jirani mwingine walisimama mlangoni na leso mbili, na upepo wa siku hiyo haukuwa na adabu. Wacheza drafti walikuwa upande wa pili wa ua. Walichoona walikiona. Mtoto alitoka salama, wa kike, mwenye sauti ya kondakta, lakini Mildred alilia kwa siku mbili kuhusu zile leso, na Nashon akaacha kuwasalimia watu wa drafti.

Asubuhi yake, Jumatano, foleni ya maji ilikuwa imefika kwenye choo. Wepukhulu alikuwa hapo na tochi mkononi, maana alikuwa ameijaribu na haikuwaka hata kidogo, na Jumatano yake ilikuwa imekufa kabla ya jua kupanda. Amondi akaja na mtungi.

"Mama Billy," alisema Wepukhulu, "hii tochi ulikaa nayo saa ngapi?"

"Haikukaa. Ilizima."

"Mimi nimeichaji usiku mzima. Niambie tu ukweli. Uliipeleka wapi kwanza?"

"Nilitoka kwako nikaingia kwa Mildred. Ni hatua kumi."

"Hatua kumi haziwezi maliza chaji ya wiki."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Ni hicho kicheko kilichomharibu. Wepukhulu hakuwa mtu wa kuchekesha watu. Katika maisha yake yote alikuwa amechekesha mara moja, kwenye harusi, na hiyo ilikuwa kwa kuanguka. Utamu ukampanda kichwani.

"Labda ilipitia kwanza hapo kijiji cha Lindi kwa wapika pombe," akasema kwa sauti. "Ikamulikia walevi busaa kidogo, wakakupa chako, ndio ikaja kuzalisha ikiwa imechoka."

Foleni nzima ikaanguka kwa kicheko. Hata Nashon, ambaye alikuwa na hasira ya kutafuta pa kuitua, alisema, "Kumbe." Amondi akageuka na kuondoka, mtungi wake ukiwa mtupu.

Maneno ya kuchekesha husafiri bila nauli. Kabla ya wiki kuisha, "kupitia Lindi" ilikuwa lugha ya mtu yeyote aliyechelewa popote. Wiki hiyo hiyo mwanamke mmoja wa chumba cha saba, mja mzito, akaenda kujifungulia kwa mkunga wa Makina. Mwingine akasema kimoyomoyo, kwa ile sauti ya kimoyomoyo inayosikika vyumba vitatu, kwamba mtu asiyeweza kutunza tochi ya wenyewe atatunzaje mtoto. Mwishowe hakuna aliyebisha kwa Amondi tena, na kwenye foleni akawa anasubiri zamu kama kila mtu.

Jumamosi ya wiki hiyo Wepukhulu alipeleka tochi saluni kama kawaida. Jumapili Rachael akamwambia, "Shemeji, hii imekunywa usiku wote na haina kitu. Mpelekee Muigai hapo kando. Yeye huchaji betri za magari."

Muigai alikuwa na duka la vifaa lenye harufu ya rangi na tindikali. Aliivua tochi kifuniko, akatoa betri, akabandua vifuniko vyake vidogo vya mpira na kuchungulia ndani kwa jicho moja.

"Hii imekufa kitambo, mzee," alisema. "Imekuwa ikitembea tu."

"Kuna mwanamke aliiharibu juzi."

"Juzi? Kuna mtu anaweza ota mvi juzi? Ona ndani ilivyo nyeupe. Hii imeota chumvi. Ulikuwa unaichaji lini?"

"Ikiisha kabisa."

"Halafu?"

"Halafu naipumzisha."

"Unaipumzisha aje?"

"Siku tatu," alisema Wepukhulu, kwa sauti ambayo ilikuwa imeanza kushuka yenyewe.

Muigai aliweka betri mezani polepole. "Rachael," aliita kupitia ukuta wa mabati, "kuja usikie. Mzee hapa anapumzisha betri."

Rachael alikuja na kitana mkononi, na wateja wawili wenye nywele nusu wakamfuata.

"Ni kwa sababu ikichajiwa kabla haijaisha inakariri," Wepukhulu alijitetea. "Niliambiwa na soja. Redio yake ni hivyo."

"Redio ya soja ni betri ingine. Hii ni ndugu ya betri ya gari. Umewahi ona mtu anaacha taa za gari ziwake mpaka zizime, anapiga makofi, ndio anaendesha?"

Habari ya makofi Muigai aliitamka bila kujua. Wepukhulu alihisi masikio yake yote mawili yakiwaka moto.

"Na hata wameandika," Muigai akaendelea. Aliipindua tochi, akaona rangi nyekundu, akachovya kitambaa kwenye thina ya kuondolea rangi. WEPUKHULU ikaanza kuyeyuka, herufi moja moja, ikaacha chini yake kibandiko cha maandishi madogo. Wepukhulu alikuwa amefika darasa la saba. Hakuhitaji kusomewa. Kilisema uichaji kila baada ya kutumia. Kilisema usiiache iishe. Kilisema usiiweke bila chaji hata siku moja. Alikuwa ameandika jina lake juu ya hayo yote.

Rachael hakucheka. Hilo lilimuuma zaidi kuliko kama angecheka.

Muigai alikuwa na betri ya ukubwa huo huo, iliyotolewa kwenye king'ora cha duka lililofungwa. Wepukhulu alimwachia saa yake ya mkononi, ikabadilishwa. Njiani kurudi, kwenye Ngong Road, alijiambia kwamba akifika tu atapita kwa Amondi. Alipofika Toi akajiambia kwamba atamwona baada ya kula. Alipofika nyumbani Nelima akauliza saa iko wapi, akasema imepotea, na kwa kuwa alikuwa ameanza uongo, akaona ni heri uongo wote uwe wa siku moja, na kwa Amondi hakwenda.

Giza lilipoingia mtu akamwomba amulike bomba linalovuja. Akawasha. Ua wote ukasimama. Mwanga ulikuwa kama wa siku ya kwanza, ukagonga kuta za Highrise ukarudi.

"Mnaona?" alisema mama wa chumba cha saba. "Imetolewa mikononi mwa Amondi siku tano tu, imepona."

Watu wakaitikia. Nashon akasema ndiyo hivyo. Wepukhulu alikuwa ameshika tochi, na kinywa kilikuwa chake, na watu wote walikuwa wakimsubiri aseme neno. Alisema, "Shikilia hiyo bomba vizuri."

Hapo ndipo aibu ilipohamia kwake rasmi, ikaleta kitanda. Kabla ya hapo alikuwa mtu aliyekosea. Sasa alikuwa mtu anayejua. Akikutana na Amondi kwenye ule ujia wa nyuma, alijifanya anafunga kiatu, na siku nyingine alikuwa amevaa ndala.

Kisha ikaja Jumatano. Walianza kutoka na nyungo kabla hata hajala. Mildred alikuja na mtoto mgongoni. Meza ya drafti ikawekwa.

"Baba Kevin, tundika," walimwambia Wepukhulu.

"Leo tuiache," alisema. "Nafikiria isimalizwe tena."

"Kwani?"

Kwani. Neno dogo hivyo. Kulijibu kungekuwa kumaliza kila kitu: Nicanor, siku tatu, rangi nyekundu, Lindi. Alitazama nyuso zao. Akaitundika.

Na kwa jioni nzima alikaa chini ya msumari akiitazama betri mpya huku akiiua kwa mikono yake, dakika baada ya dakika, kwa sababu hilo lilikuwa rahisi kuliko sentensi moja. Ng'ambo ya ua, Amondi alikuwa ameketi mlangoni pake na koroboi, akiparua samaki wake peke yake. Mwanga wa tochi ulifika hadi miguuni pake. Aliivuta miguu ndani.

Tochi ilipogeuka njano watoto wakaanza kuhesabu. Wepukhulu alinyanyuka akaizima kabla ya sifuri. Wakaguna. Yeye alishavuka ua.

"Mama Billy," alisema kwa sauti ya chini. "Ile tochi si wewe uliiharibu. Ni mimi. Betri ilikuwa imekufa zamani. Nimekuja kuomba msamaha."

Amondi aliendelea kuparua. Magamba yalikuwa yakirukia suruali ya Wepukhulu.

"Ulijua lini?"

"Jumapili."

"Leo ni siku gani?"

"Jumatano."

"Na ukisema ile ya Lindi ulikuja hapa kwangu, ukainama hivi, ukaniambia kwa sikio?"

"Hapana."

"Ulisemea wapi?"

"Mferejini, kwenye foleni ya maji."

"Basi," alisema Amondi, akageuza samaki upande wa pili. "Huku kwangu mfereji haupiti."

Wepukhulu hakulala vizuri, na asubuhi alikuwa wa kwanza kufika kwenye maji, mtungi umeshikwa kama ngao. Amondi alikuja wa tatu. Nyuma yake akaja Nashon, kisha mama wa chumba cha saba, kisha Nelima mwenyewe.

"Nataka kusema kitu," alisema Wepukhulu, na kwa kuwa watu walishamjua kama mtu wa kuchekesha, walianza kutabasamu. "Tochi niliiua mimi. Zile Jumatano. Hiyo betri haifai kumalizwa, na mimi, kwa kumsikia soja Nicanor, niliimaliza mwaka mzima na kuiacha imekufa siku tatu tatu. Mama Billy aliitoa kwangu akaingia nayo kwa Mildred. Haikupita Lindi. Nilitunga mimi, kwa sababu mlicheka. Na sasa inawaka kwa sababu nimeiwekea betri nyingine, si kwa sababu ya kitu kingine."

Maji yaliendelea kumwagika kwenye mtungi uliojaa.

"Na saa?" aliuliza Nelima.

"Saa ilinunua betri."

Nashon alitazama viatu vyake, ambavyo alivishona mwenyewe. "Kwa hivyo zile leso," alianza, na hakumaliza. Mama wa chumba cha saba alikuwa ameona kitu cha maana sana kwenye mfuniko wa mtungi wake.

Wepukhulu akadhani amemaliza. Akainua mtungi aondoke. Amondi alikuwa amesimama mbele yake, na hakusogea. Kwenye kona ya choo mtu mwingine alikuwa anakuja, Mutunga muuza makaa, na mitungi miwili.

"Mutunga hakuwepo ukisema," alisema Amondi. "Siku ile alikuwepo. Alicheka sana."

Kwa hiyo Wepukhulu akaweka mtungi chini akaanza upya. Alipomaliza na Mutunga, akaja Mildred, na hapo, alipofika kwenye mlango kufunguliwa, akatazama chini na kuendelea. Baada ya Mildred wakaja akina mama wawili wa ploti ya pili, ambao nao walikuwa wakitumia lile neno la Lindi. Jua likapanda. Zamu ya Amondi ilifika na kupita mara nne, naye akawapisha watu mbele, mtungi wake mtupu kando ya mguu, akiangalia ni nani mwingine anatokea kwenye kona. Kazini Highrise ngazi zilikuwa zikisubiri kufagiliwa.

Kila mara hadithi ilikuwa fupi zaidi. Nicanor alitoka ndani yake kwanza, maana hakuna aliyejali soja alisema nini. Kisha zikatoka zile siku tatu, kisha kicheko, kisha kujitetea kote kulikokuwa kumejificha humo bila yeye kujua. Mtu wa mwisho alikuwa mzee Waithaka, mwenye ploti, aliyepita tu kwenda kudai kodi. Wepukhulu alimsimamisha yeye mwenyewe, bila Amondi kumtazama.

"Ni mimi niliiharibu," alisema. "Si yeye."

Mzee akauliza ni kitu gani hicho, akajibiwa na foleni yote kwa pamoja. Amondi akainama, akaweka mtungi wake chini ya maji.